Probox Yenye Makengeza

Kama uliwahi kuendesha gari usiku kutoka Manyoni kuja Singida, ukakutana na gari ambalo taa moja inakupiga usoni na nyingine inachungulia nyasi, ukasema moyoni "huyu kalewa", basi ndugu yangu niwie radhi. Ni mimi. Na sikulewa. Nilikuwa nimembeba mama mkwe, na mtu aliyembeba mama mkwe halewi hata akinyweshwa.

Gari langu ni Probox. Lilipotoka bandarini Dar es Salaam lilikuwa na macho mazuri tu. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zao zikija hapa hazina ugeni wowote. Mpaka leo ukiwasha gari linaongea Kijapani. Kuna mwanamke humo ndani anatamka maneno kama kumi hivi kwa adabu kubwa, halafu ananyamaza. Fundi mmoja aliniambia anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Wanangu wanamwita Shangazi wa Tokyo, na huyu wa mwisho, wa miaka minne, kila akimsikia humwitikia "marahaba". Mama yake amemkataza, kwamba mtu mzima hawezi kukuamkia wewe. Mtoto akauliza, sasa anasema nini? Mama yake hakuwa na jibu, na marahaba zinaendelea.

Makengeza yaliletwa na punda. Wewe uliyefika Singida unajua punda hapa ni mtumishi wa umma. Anabeba maji, anabeba kuni, anabeba vitunguu, anavuta mkokoteni, na akiamua kusimama amesimama, hana habari na foleni yako. Jioni moja punda alisimama, mimi sikusimama. Yeye alitikisa sikio akaendelea na kazi. Mimi niliondoka na bampa iliyopasuka na taa ya kulia inaning'inia kwa waya kama jino la mtoto.

Fundi wa mtaani akafungua uso wote wa gari, akabandika, akafunga. Mwisho wa kazi zikabaki skrubu tatu kiganjani mwake. Nikamuuliza za wapi. Akazitazama kidogo, akasema, "Hizi Wajapani huwa wanazidisha tu." Nilirudi nazo nyumbani, na mke wangu akazitia kwenye kopo la vifungo. Zimo humo mpaka leo pamoja na funguo za makufuli tuliyokwisha yasahau.

Mke wangu ni Mama Rehema, lakini kwa shughuli anazofanya mimi humwita Mkaguzi Mkuu. Hakuna shilingi inayotoka nyumba ile bila risiti, na hakuna risiti isiyoulizwa swali. Kwa hiyo unaweza kukisia hali ilikuwaje niliporudi na faini ya taa. Askari wa barabarani alinisimamisha usiku, akazunguka mbele ya gari, akainama, akarudi dirishani taratibu akasema, "Mzee, taa yako moja inatafuta bundi, nyingine inatafuta sindano." Shilingi 30,000. Kontrol namba ikaingia kwenye simu. Sikubisha, maana alichosema ndicho nilichokuwa nakiona mwenyewe kutoka nyuma ya usukani. Ugomvi ulikuwa unanisubiri nyumbani.

"Elfu thelathini kwa taa inayowaka?" akauliza Mkaguzi.

"Inawaka, lakini inatazama vibaya."

"Wewe mwenyewe unatazama vibaya, mbona mimi sikutozi?"

Hapo nilipaswa kulipeleka gari kwa watu wenye mashine ya kupimia taa, lile sanduku la magurudumu linalosogezwa mbele ya gari na kukuambia ukweli wako kwa dakika 5. Nililipendekeza. Bajeti ikakataliwa kwenye kusomwa mara ya kwanza, kwa hoja kwamba kama kazi yenyewe ni kuzungusha skrubu nusu raundi, nyumba hii ina wanaume wawili na bisibisi nne.

Mwanaume wa pili ni shemeji yangu, kitindamimba wa kwao, ambaye alisomea ufundi umeme muhula mmoja na nusu kisha akaona kwamba amekwisha elewa. Tunamwita Injinia. Ana moyo mzuri, sikatai. Lakini tangu ahamie kwangu hakuna chenye waya kilicho salama. Aliwahi kutengeneza feni ya sebuleni, ikawa inavuta hewa kwenda dirishani badala ya kutuletea sisi. Tukiwa na joto tulikuwa tunakwenda kusimama nje ya dirisha. Ni yeye pia aliyebadilisha balbu ya taa ya kushoto, akaweka ile nyeupe ya kisasa yenye mwanga wa zahanati, kwenye taa iliyoumbwa kwa balbu ya kawaida. Mwanga wake ukawa unamwagika ovyo kila upande. Ya kulia ikabaki ya njano. Kwa hiyo ongeza hilo kwenye makengeza: jicho moja jeupe, jingine lina manjano.

Elimu yangu ya taa niliipata Misigiri, kwa mama lishe, mbele ya sahani ya kuku. Barabara yetu hii ndiyo inayobeba malori ya kutoka Dar kwenda Mwanza, Rwanda, Burundi na Kongo, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, giza limekuwa na watu wengi kuliko mchana. Nilimkuta dereva wa lori mtu mzima, ndevu nyeupe, nikamsimulia masaibu yangu. Akasogeza bakuli la mchuzi, huo ndio ukuta. Akaweka kiberiti mbele yake, hilo ndilo gari. Akachomoa njiti ya meno, huo ndio mwanga.

"Taa haitazami mbele," akasema. "Taa inatazama mbele na chini kidogo. Kila mita 10, ishuke sentimita 10. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, sentimita 5. Basi."

Akanionyesha na njiti. Nikamwambia sentimita moja ikizidi si kitu. Akacheka mpaka akaweka paja la kuku chini. Sentimita 1 ukutani, mita 5 kutoka kwenye taa, ukiifuata mpaka mita 100 barabarani imekuwa sentimita 20. Sentimita 3 ni zaidi ya nusu mita. "Na nusu mita," akasema, "ndiyo tofauti ya bampa yangu na macho yangu." Kisha akaniambia la mwisho, ambalo laiti asingeniambia: upepo wa matairi uwe sawa, na gari lipimwe na mzigo wake wa kawaida. Gari tupu likitazama vizuri, ukilipakia nyuma linainua pua, na taa zinainuka nalo.

Mzigo wangu wa kawaida. Nilirudi Singida nikiwaza neno hilo njia nzima.

Maana mzigo wa kawaida wa Probox ile, ukiondoa madumu mawili ya mafuta ya alizeti ya lita 20 kila moja ambayo Mkaguzi hupeleka kwa wateja wake, ni mama yake mzazi. Mama mkwe alikuja kwangu Mandewa kwa siku tatu, kupumzisha magoti. Huo ulikuwa mwezi wa tano. Tulikuwa sasa mwezi wa saba. Namheshimu sana, na mbele yake natembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, lakini kichwani mwangu anaitwa Bi Halmashauri, kwa sababu hakuna hoja inayopita nyumbani bila yeye kuijadili na kuirudisha kwa marekebisho. Jumapili ile ndiyo tulikuwa tumrudishe Ikungi, kwenye arusi ya mjukuu wa dada yake. Taa zilitakiwa ziwe tayari Jumamosi usiku.

Sasa niambie wewe, mwenzangu uliyeoa: unamwombaje mama mkwe awe mzigo?

"Mwambie wewe," nikamwambia Mkaguzi.

"Gari la nani?"

"Mama wa nani?"

Injinia akatuokoa kwa uongo, kama kawaida yake. Alikwenda akasema, "Mama, hebu panda gari uone kama kiti kitakufaa safari ya kesho." Bi Halmashauri akajibu ni wazo la maana. Lakini yeye hapandi gari na khanga ya jikoni. Akaingia ndani. Tukasubiri dakika 40. Alitoka amevaa gauni la arusini, mtandio, viatu vya kufunga, mkononi kibegi, na nyuma yake Rehema amebeba kikapu chenye jogoo, zawadi ya maharusi. Akakaa kiti cha nyuma, kikapu pembeni, akafunga mkanda, akaomba Mungu atutangulie, na kabla sijapata bisibisi alikuwa amekwisha sinzia.

Ukuta tulioutumia ni wa jiko la nje. Ulijengwa na mjomba wa mke wangu, ambaye tunamwita Pima Maji kwa sababu hajawahi kumiliki hata moja. Ukuta wenyewe umeinama kidogo, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Uwanja nao, kama viwanja vingi vya Singida, hauko sawa: una jiwe. Nasema jiwe, lakini wewe weka akilini kitu cha ukubwa wa trekta kilichozikwa nusu. Mkaguzi huanika mlenda juu yake, watoto huteleza, kuku hulala. Mgongo wa jiwe hilo unapita chini kwa chini mpaka katikati ya uwanja, kwa hiyo gari likisimama, matairi ya nyuma yako mgongoni na ya mbele yako bondeni. Spika, mwanangu wa pili, aliweka mpira chini ya gari, na mpira ukaenda wenyewe mpaka jikoni ukaingia ndani.

Hapo Injinia akaonyesha kwamba ule muhula mmoja na nusu haukupotea bure. Akachukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, kama wafanyavyo waashi, akaujaza maji, mimi nikashika ncha moja kwenye tairi la nyuma na yeye ya pili kwenye tairi la mbele. Maji hayana upendeleo. Tofauti ilikuwa vidole vinne. Tukaweka matofali na mbao chini ya matairi ya mbele, na Probox ikapanda huku Bi Halmashauri amelala ndani yake. Alikoroma mara moja tu tulipokuwa tunapanda tofali.

Kisha alama. Kwanza tulibandika seloteipu. Chokaa ya Mjomba Pima Maji ikaikataa upande mmoja na upepo ukaing'oa upande wa pili. Wale wataalamu wanaosema upepo wa Singida unafaa kuzalisha umeme, hawana haja ya kupanda milimani na vyombo vyao, waje tu waone seloteipu yangu ilivyoruka juu ya paa ikaenda zake ziwani Singidani. Nikachukua mkaa. Nikapima kutoka chini mpaka katikati ya kioo cha taa, nikahamishia ukutani, nikashusha sentimita 5, nikapiga mstari mrefu mweusi kwenye chokaa nyeupe. Mstari ulikuwa mzuri kweli. Bado upo, na kila asubuhi Mkaguzi akienda kukoleza moto hunikumbusha kwamba upo.

Saa 2 usiku nikawasha taa. Shangazi wa Tokyo akasema maneno yake, Diwani akaitikia marahaba.

Nimesahau kukutambulisha kwa Diwani. Ndiye huyu wa miaka minne. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kuzunguka nyumba za watu akitoa ahadi. Wakati sisi tunapima, yeye alikuwa amepita nyumba saba akitangaza kwamba baba anaonyesha sinema. Nilipogeuka nilikuta watoto kama 20 wamekaa juu ya jiwe, kwa safu, wadogo mbele. Mzee mmoja wa jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama ni mkutano wa chama gani.

Na ukweli ni kwamba ilikuwa sinema. Hujawahi kuuona mwanga wa gari lako mpaka uone ukutani. Barabarani ni mwanga tu. Ukutani una umbo: juu umekatwa, kama umepigwa rula. Upande wa kulia mstari umelala, upande wa kushoto unapanda kidogo kama bega la mtu anayetaka kusema. Huo upande unaopanda ndio unaommulika mtembea kwa miguu pembeni, na ule uliolala ndio unaomwacha anayekuja abaki na macho yake. Hiyo ni taa nzima. Ya kulia kwangu, ile ya njano, mstari ulikuwepo ila umepanda mpaka kwenye bati. Ya kushoto haikuwa na mstari wowote, ilikuwa wingu. Nikamtazama Injinia. Akasema labda ukuta ndio mbovu. Nikamwambia arudishe balbu ya zamani. Alikuwa nayo mfukoni, akairudisha, akakosea zile pembe tatu za kukalia mara mbili, mara ya tatu ikakaa, na mstari ukajitokeza chini kabisa, karibu na mlango wa kuku.

Ili kurekebisha taa moja lazima uzibe nyingine. Spika akapewa sufuria ya ugali aizibe taa ya kushoto. Akaishika vizuri kwa dakika moja, kisha akaanza kuipiga ngoma, na watoto wa jiweni wakaitikia. Mimi nikachukua bisibisi ya nyota, nikaichomeka kwenye tundu juu ya taa ya kulia, nikazungusha nusu raundi.

"Inapanda!" akapiga kelele Injinia kutoka ukutani.

Nikarudisha.

"Haiendi popote!"

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto!"

"Kushoto kwa nani?"

Swali hilo lilituchukua robo saa. Mimi nilikuwa nimelielekea gari, kushoto kwangu ni kulia kwake. Injinia alikuwa ameelekea ukuta. Mkaguzi, aliyetoka jikoni kuulizia sufuria yake, alikuwa na kushoto ya tatu. Rehema, ambaye kwa miaka 14 aliyonayo duniani hajawahi kushindwa ubishi, na tunamwita Wakili kwa ajili hiyo, alipendekeza tuache kusema kushoto, tuseme "upande wa jogoo" na "upande wa Bibi". Kazi ikaenda. Robo raundi upande wa jogoo. Kidogo upande wa Bibi. Mstari wa njano ukashuka kutoka kwenye bati, ukapita dirisha la jiko, ukatelemka taratibu kwenye chokaa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, ukafika kwenye mkaa wangu, ukatulia.

Watoto walikuwa sasa wamegundua vivuli. Sungura mmoja alipita kwenye boriti. Akaja mbwa, akaja ngamia ambaye naamini alikuwa mbuzi aliyekosewa. Pua ya Injinia ilionekana ukutani na ukubwa wa jembe, ikapigiwa makofi. Katikati ya yote hayo, jogoo ndani ya gari, akiona weupe wote ule mbele yake, akajua kazi yake imewadia. Akawika. Ilikuwa saa 3 na robo usiku. Majogoo wa mtaa mzima wakamjibu.

Taa ya pili tuliimaliza saa 4 kasoro. Mistari miwili ikalala juu ya mkaa, sawasawa, mabega mawili yamepanda kushoto kama mapacha. Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Sijui kama umewahi kufanya kitu kwa mikono yako kikatokea sawa. Mimi kwangu ni nadra, kwa hiyo nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mistari ikaanza kuwa ya dhahabu. Ikawa ya kahawia. Shangazi wa Tokyo akaanza sentensi ambayo hakuimaliza. Giza.

Taa zimewaka karibu saa mbili na injini imezimwa. Hata mtoto wa shule ya msingi angejua betri itakwisha.

Watoto wakapiga makofi, wakidhani ndio mwisho wa filamu. Makofi yakamwamsha Bi Halmashauri. Tukasikia kioo cha dirisha kikigongwa, na sauti yake ya utulivu ikauliza:

"Tumefika?"

Ningesema ukweli mimi, lakini Injinia alikuwa karibu zaidi. "Bado, Mama. Tumesimama kidogo."

"Wapi hapa?"

"Hapa... njiani."

Akatazama nje. Macho yalipozoea giza akaona vichwa 20 juu ya jiwe. "Watoto wa huku hawalali?" akauliza. Kisha akakumbuka. "Nimesikia jogoo amewika. Kumbe tumekesha barabarani. Baba Rehema, hili gari lako litakuja kutuua."

Ilibidi Mkaguzi amfungulie mlango na kumwonyesha jikoni kwake. Alishuka bila neno, akapita katikati yetu na kibegi chake, na alipofika mlangoni akageuka akaniambia, kwa ile sauti ya upole inayonitoa jasho, kwamba baba yake alikuwa na baiskeli tu, lakini akipanda alikuwa anakwenda mahali. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo asubuhi nilimwamsha jirani mwenye Noah, akaja na waya zake, tukabusti betri. Hakuuliza kitu. Wanawe walikuwa wamekwisha msimulia filamu yote.

Jumapili mchana tulikwenda Ikungi, tukala arusi. Nitairuka arusi. Tulipoanza kurudi ilikuwa usiku, na nilikuwa na hamu kama kijana. Bi Halmashauri tulimwacha kwao. Injinia alibaki kucheza muziki. Madumu ya mafuta yaliuzwa yote. Ndani ya gari tulikuwa mimi, Mkaguzi mbele, na watoto watatu wamelala nyuma. Nikaingia lami, nikawasha taa, nikasubiri kuiona kazi ya mikono yangu.

Niliona lami ya mbele ya bampa. Niliona kila kokoto yake. Baada ya hapo, kitu kama kaniki.

"Mbona huoni mbele?" akauliza Mkaguzi, maana nilikuwa nimeukumbatia usukani.

Nikamweleza kitaalamu. Kwamba taa tulizipima na Mama yumo ndani. Mama akikaa nyuma gari linainua pua, na sisi tulishusha taa kulingana na pua hiyo. Sasa Mama hayumo, pua imeshuka, na taa zimeshuka nayo. Nilieleza vizuri, hata bakuli la mchuzi nililitaja. Mkaguzi akanyamaza kwa mwendo wa kijiji kizima. Nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anatafuta simu kwenye mkoba.

"Mama, hujalala? Shikamoo. Tuko njiani. Hapana, mkwe wako anasema gari halioni bila wewe."

Nilitaka kusema kwamba sivyo nilivyosema. Lakini ndivyo nilivyosema. Mkono wangu wa kulia, kwa kukosa pa kwenda, ukawa unapapasa chini ya dashibodi karibu na mlango, na ukakutana na gurudumu dogo la plastiki ambalo miaka yote hii nililiona bila kuliangalia. Nikainama kidogo. Lina picha ya taa, na tarakimu kutoka 0 mpaka 5. Lilikuwa kwenye 3. Ni mahali ambapo Diwani, akicheza udereva gari likiwa limesimama nyumbani, huwa anatafuta stesheni za redio.

Nikalizungusha mpaka 0.

Mwanga ukanyanyuka kutoka kwenye kokoto, ukanyooka barabarani, mbali, umelala kulia, bega limepanda kushoto. Na pale mwisho wake, pembeni mwa lami, macho mawili yakang'aa. Punda. Amesimama. Safari hii nami nikasimama, na nafasi ya kutosha ikabaki kati yetu. Tukatazamana. Wajapani walikuwa wameshafikiria habari za mama mkwe kabla lile gari halijapakiwa melini: ukibeba mzigo unazungusha chini, ukishusha mzigo unazungusha juu, kwa kidole, bila bisibisi, bila mkaa, bila jogoo.

"Mama Rehema," nikasema, "nimeipata. Taa zimekaa sawa. Tazama mwenyewe."

Mkaguzi akaifunika simu kwa kiganja, akaniambia nipunguze sauti, Mama anauliza kama kile kitanda bado kipo, na kama Jumamosi nitakuja kumchukua asubuhi au jioni.